Chuma cha Merritt

Lilikuja kwa lori, ndani ya boksi refu,
bampa jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Dola mia nne na tisini, na stika ya fahali bure.
Beñat akasema: Maite, hiki sasa ndicho chuma.
Nikaligonga kwa kidole. Likaitika kama debe.
Sikusema kitu. Gari ni lake,
mimi ni wa kuitwa yakiharibika.

Yakaharibika Machi, theluji ilipoyeyuka
na barabara ya bondeni ikawa uji.
Merritt Stubblefield alizama hadi milangoni,
yeye, na trela, na ndama kumi na wawili.
Merritt, ambaye tangu mwaka ule wa mfereji
hatujapeana mkono hata kanisani.
Beñat akashuka, akavuta waya wa winchi,
habari za maji hakuuliza.
Gari likatoka. Ndama wakatoka.
Na bampa nalo likatoka, upande wa kushoto,
likaning'inia kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa.

Sasa liko mezani pangu, chali.
Nimekwangua rangi.
Mshono wa kiwandani ni mavi ya kuku,
yamerundikwa juu ya pengo, ndani hayakuingia.
Masikio ya kulifungia kwenye fremu, milimita tatu.
Nimepima mara mbili
kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.
Winchi inavuta tani nne.
Mtu fulani, mahali fulani, aliiona hesabu hii
akaenda zake kula.

Kuziba ufa peke yake si kazi.
Nitauziba kwa dakika tano, nao utahama,
utaanza upya kando, penye chuma kilichochoka.
Kwa hiyo natoboa tundu dogo kwenye ncha yake,
nauambia: safari yako mwisho hapa.
Halafu nakata, nasaga,
cheche zinaingia mpaka kwenye soksi.
Kilichobaki ni bamba nene la kutia mgongoni,
na dukani Elko hawana hadi Alhamisi.

Jumanne jioni, taa za gari uani.
Merritt. Hazimi injini. Hashuki.
Kisha anashuka, anafungua nyuma,
anaburuta kipande cha kisu cha greda,
greda la baba yake,
lile lile lililochimba mfereji.
"Nimesikia unatafuta," anayaambia magurudumu.
Nami nakijibu chuma: "Kinafaa."
Anaondoka kabla sijavua glavu.

Chuma cha greda kina kiburi.
Ukikichomelea kikiwa baridi kinakubali mbele yako,
kisha usiku wa manane, wewe umelala,
kinapasuka peke yake, pa!
Lazima ukipashe kwanza, taratibu, pande zote,
uone mate yakitua yanaruka.
Ndipo uchomelee, kidogo, upumzike, kidogo tena.
Na ukimaliza usikimwagie maji kwa haraka zako.
Kifunike blanketi la zamani la majivu, kipoe kwa hiari yake.
Nilikesha nacho hadi saa nane,
nikinywa kahawa iliyolala, nikisikiliza.
Hakikupasuka.

Asubuhi tukalifunga, boliti sita badala ya nne.
Beñat akafunga waya kwenye nguzo ya zizi, akavuta.
Pua ya gari ikainama, springi zikalia,
nguzo ikang'oka na udongo wake.
Bampa kimya.
"Limepinda," akasema, akifumba jicho moja.
Limepinda kweli, upana wa kidole, kulia.
Nikamwambia achimbie nguzo.

Mfereji ungali na kufuli, na ufunguo hatuna.
Lakini nilipopaka rangi nyeusi
lile bamba la mgongoni niliacha lilivyo:
njano ya greda, iliyobambuka, na mikwaruzo ya mawe yetu.
Kwa mbele halionekani.
Atakayelala chini ya gari ataliona.